Jiwe Lililotoka Lenyewe: Dhana Potofu Kuhusu Majaribio ya Tiba ya Mawe ya Figo

Mkulima wa Uyole aliyeshikwa na maumivu makali kutoka ubavuni hadi kinenani, akachemsha mizizi aliyoelekezwa na jirani, akainywa kwa wiki mbili na hatimaye jiwe likatoka kwa njia ya mkojo, hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba mizizi ile huenda haikufanya lolote. Jiwe ameliona kwa macho yake, pengine amelihifadhi kwenye kikaratasi awaonyeshe wageni. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaotawala mazungumzo kuhusu mawe ya figo kuanzia Tunduma hadi Ilula, na ndio unaofanya majaribio ya tiba yaonekane kuwa ni usumbufu wa wasomi wanaotaka kuthibitisha jambo ambalo kila mtu analijua.

Dhana: Dawa iliyokwisha kutoa jiwe haina haja ya kujaribiwa.

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba mawe mengi madogo, hasa yasiyozidi milimita 5, hutoka yenyewe ndani ya wiki chache. Kwa hiyo chochote kilichokuwa mkononi mwa mgonjwa siku jiwe linapotoka hupokea sifa, kiwe mizizi, maji ya ndimu au kidonge cha hospitali. Kidonge cha hospitali nimekitaja kwa makusudi, kwa kuwa madaktari nao walinaswa na mtego huo huo. Kwa miaka mingi tamsulosini, ambayo hulegeza misuli ya mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, na nifedipini, inayojulikana zaidi kwa wagonjwa wa shinikizo la damu, ziliandikwa kwa imani kwamba huharakisha safari ya jiwe, na majaribio kadhaa madogo yaliunga mkono imani hiyo. Mwaka 2015 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa SUSPEND, lililofanyika katika hospitali 24 za Uingereza na kuwahusisha watu 1,167 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: la tamsulosini, la nifedipini na la kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki nne, takriban watu 80 katika kila 100 hawakuwa wamehitaji matibabu zaidi ya kuondoa jiwe, na hesabu hiyo ilikuwa karibu sawa katika makundi yote matatu. Kama kundi la tatu lisingekuwapo, dawa zote mbili zingejitwalia sifa ya mawe ambayo yangetoka bila msaada wao.

Jambo hilo halikuishia hapo. Jaribio jingine la China, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000 ambao mawe yao yalikuwa yamefika sehemu ya chini ya mrija, lilionyesha kuwa tamsulosini iliwasaidia wenye mawe yanayozidi milimita 5. Wapo wanaoyaona matokeo haya mawili kuwa ni dalili kwamba watafiti hawajui wanachokisema. Mimi nayaona kuwa ni majibu ya maswali mawili tofauti: la kwanza liliuliza kuhusu mawe ya aina nyingi kwa pamoja, na la pili likatuwezesha kuyatazama makubwa peke yake. Mganga wa mizizi hana njia ya kufanya mgawanyo huo, kwa sababu wateja ambao mawe yao hayakutoka hawarudi kwake kumpa taarifa.

Dhana: Kumpa mgonjwa kidonge kisicho na dawa ni kumdanganya na kumwacha ateseke.

Mshiriki huelezwa tangu mwanzo kwamba anaweza kuangukia kundi hilo, na huingia akiwa amekubali. Dawa za maumivu hazizuiliwi, na anayepata homa au ambaye mkojo wake umeziba hupelekwa kwenye matibabu ya dharura bila kujali yumo kundi gani.

Dhana: Mwenye mawe aache maziwa na dagaa, kwa kuwa mawe yametengenezwa na kalsiamu.

Hii ndiyo dhana iliyoaminiwa na wengi zaidi, wakiwamo wataalamu, na kwa kuitazama juu juu ina mantiki: mawe mengi ni ya kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo katika baadhi ya mimea tunayokula, basi punguza kalsiamu mezani. Watafiti wa Parma, Italia, waliijaribu kwa wanaume 120 ambao mawe yalikuwa yakiwarudia na ambao mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi. Nusu yao walipewa mlo wenye kalsiamu kidogo. Nusu nyingine waliendelea na kalsiamu ya kawaida, ila wakapunguza chumvi na nyama. Baada ya miaka 5, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002, mawe yalikuwa yamewarudia watu 23 kati ya 60 walionyimwa kalsiamu, na 12 tu kati ya 60 wa kundi la pili. Sababu inayoeleweka ni kwamba kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti tumboni, zikashikamana na kutoka na choo. Kalsiamu inapokosekana, oksaleti ya mchicha na ya chai huingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Hata hivyo, tusilinyooshe jibu hili kupita kiasi, maana kundi lililoshinda lilipunguza pia chumvi na nyama, na haiwezekani kulipa glasi ya maziwa sifa yote. Vidonge vya kalsiamu navyo ni habari nyingine: katika jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha kukoma hedhi, waliopewa vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D walipata mawe zaidi, kwa takriban asilimia 17, kuliko wenzao. Kwa hiyo mtindi wa Tukuyu hauna kosa la kushitakiwa. Kitimoto chenye chumvi nyingi ndicho ningekihoji kwanza.

Dhana: Jaribio la kitabibu ni lazima liwe la dawa mpya.

Mojawapo ya majaribio yenye manufaa makubwa kwa watu wa nyanda za juu lilikuwa la maji. Watafiti hao wa Italia waliwafuatilia kwa miaka 5 watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza, nusu yao wakielekezwa kunywa maji hadi mkojo ufike angalau lita 2 kwa siku. Matokeo ya mwaka 1996 yalionyesha kuwa jiwe liliwarudia 12 katika kila 100 wa kundi la maji na 27 katika kila 100 wa kundi jingine. Kipimo kilichotumika kilikuwa mkojo, na hilo lina maana kubwa kwa mtu wa Makete au Mafinga, ambaye katika baridi ya Juni anaweza kumaliza siku bila kuhisi kiu. Anayevuna mpunga Mbarali juani atadaiwa maji zaidi ili afikie lita zile zile mbili, kwa sababu mengi hutoka kwa jasho. Ndiyo maana simwungi mkono asemaye kuwa matokeo ya Ulaya hayatuhusu: figo hufanya kazi ile ile, ingawa hali ya hewa na chakula hubadilisha kiasi cha juhudi zinazohitajika.

Dhana: Jaribio lisiloonyesha faida limepoteza fedha.

Haidroklorothiazidi, dawa ya kuongeza mkojo inayotumika pia kwa shinikizo la damu, ilitumika kwa miongo mingi kuzuia mawe yasirudi. Jaribio la Uswisi la mwaka 2023, lenye wagonjwa 416 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 3, halikupata tofauti ya kuaminika kati ya dozi za miligramu 12.5, 25 au 50 na kidonge kisicho na dawa, ilhali upungufu wa potasiamu, jongo na kisukari kipya vilijitokeza zaidi kwa waliomeza dawa. Mgonjwa aliyeepushwa na kidonge cha kila siku kisichomsaidia amepata faida, tena faida inayohesabika mfukoni.

Dhana: Washiriki hugeuzwa panya wa maabara.

Hofu hii haikuzuka hewani, na anayeidharau hajui historia ya utafiti duniani. Lakini nchini Tanzania jaribio la dawa halianzi bila kibali cha maadili kinachoratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mbeya si mgeni katika kazi hii, kwa kuwa kituo cha NIMR kilichopo jijini kimeshiriki kwa miaka mingi katika tafiti za kifua kikuu na Virusi vya UKIMWI. Fomu ya ridhaa inapaswa kusomwa kwa lugha anayoielewa mshiriki; asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiyefungamana na watafiti. Anayetaka kujitoa katikati hujitoa bila kudaiwa sababu, na huendelea kuhudumiwa katika kliniki yake kama alivyokuwa akihudumiwa kabla ya kuandikishwa.