Muhuri wa Baraza la Wayahudi Amsterdam: Dhana Potofu na Ukweli

Ikitajwa habari ya watumishi wa Baraza la Wayahudi la Amsterdam, chombo cha Wayahudi kilichotekeleza amri za Wajerumani, na vitambulisho vyao vya muhuri maalumu, Uholanzi ilipokuwa mikononi mwa Wanazi, watu wengi huwa wameshahukumu: hao walijinunulia usalama. Hukumu hiyo inawaonea marehemu, na inawafichia aibu wauaji.

Dhana: Mwenye muhuri alikuwa salama

Tuanze na maandishi yenyewe. Muhuri ulisema kwa Kijerumani kwamba mwenye kitambulisho amesamehewa kupelekwa kazini "hadi itakapotangazwa vinginevyo". "Kazini" ulikuwa uongo: treni zilizoondoka kambi ya Westerbork kuanzia Julai 1942 zilielekea kambi ya mauaji ya Auschwitz, na baadaye ile ya Sobibor pia. Kilichokuwa kweli ni hayo maneno ya mwisho.

Mei 1943 ilitangazwa vinginevyo. Baraza liliamriwa kuteua watumishi wake 7,000 wasafirishwe. Walioitikia wito walikuwa wachache mno, basi tarehe 26 Mei Wajerumani wakafanya msako katikati ya Amsterdam. Tarehe 20 Juni wakazingira mitaa ya mashariki na kusini na kukamata watu zaidi ya 5,000. Msako mkubwa wa mwisho ulikuja tarehe 29 Septemba, kuamkia mwaka mpya wa Kiyahudi. Safari hiyo hata viongozi wa Baraza, Abraham Asscher na David Cohen, walichukuliwa.

Muhuri ulichelewesha tu. Lakini miezi michache haikuwa kitu kidogo kwa mtu aliyekuwa akitafuta familia ya kumficha.

Dhana: Baraza ndilo lililoamua nani aishi

Baraza liliundwa Februari 1941 kwa amri ya Wajerumani. Muhuri ulitoka kwa polisi wao wa usalama, kupitia ofisi ya Zentralstelle, ileile iliyopanga watu wa kusafirishwa. Baraza lilipewa mgawo wa takriban 17,500, likaachiwa kazi ya kujaza majina. Hapo ndipo ukatili wa mpango wenyewe ulipo: aliyeweka idadi hakuonekana, na aliyeshika kalamu akabeba chuki ya majirani zake. Malalamiko ya upendeleo yalikuwepo, na mengine yalikuwa ya haki. Wenye elimu na wenye kufahamiana walipata kwa urahisi kuliko wachuuzi na mafundi maskini.

Dhana: Wote walikuwa vibaraka

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Walter Süskind alikuwa mtumishi wa Baraza, msimamizi wa ukumbi wa maigizo wa Hollandsche Schouwburg uliogeuzwa kituo cha kukusanyia Wayahudi. Watoto wadogo waliwekwa ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya kulelea watoto iliyoongozwa na Henriëtte Pimentel. Süskind alikuwa akichezea orodha majina yapotee. Tramu iliposimama katikati na kuwakinga walinzi wasione, walezi walitoka na mtoto na kupanda naye. Wengine walitolewa ndani ya mabegi na vikapu. Watoto wapatao 600 waliokolewa kwa njia hizo. Pimentel aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Süskind, mkewe na binti yao nao hawakurudi.

Mwandishi Etty Hillesum naye alikuwa na karatasi za Baraza. Aliomba mwenyewe kwenda kuwahudumia waliofungwa Westerbork. Hadhi ya watumishi wa huko ilipofutwa Julai 1943, akabaki na wazazi wake kama mfungwa. Tarehe 7 Septemba alipandishwa treni ya Auschwitz, na huko akafa.

Dhana: Hakuna aliyewauliza viongozi baada ya vita

Waliulizwa, tena na Wayahudi wenzao. Mwaka 1947 baraza la heshima la Wayahudi wa Uholanzi, yaani jopo la kuhukumu mwenendo wa wenzao wakati wa vita, liliwapiga marufuku Asscher na Cohen kushika wadhifa katika taasisi za jumuiya hiyo. Uamuzi huo ulifutwa mwaka 1950.