Kwa nini "Bwana" huimbwa "bwanaa": mtunzi, tuni na mfasiri wa tenzi

Chukua mstari wa pili wa "Cha kutumaini sina" uusome kama unavyozungumza na jirani (herufi kubwa ni silabi yenye mkazo): I-la DA-mu YA-ke BWA-na. Sasa uimbe. Kinywa kilekile kitatoa i-LA da-MU ya-KE bwa-NA. Mikazo yote minne imehama, na waimbaji hawana kosa lolote. Kosa limo kwenye mshono kati ya maneno na tuni, na ili kuuona lazima tujue nani alishona nini, na lini.

Tenzi nyingi tunazoimba kanisani zina wenyewe watatu ambao hawakukaa meza moja. Maneno ya utenzi huu yaliandikwa mwaka 1834 na Edward Mote, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1797. Alikuwa fundi seremala wa samani kwa miaka mingi kabla ya kuwa mchungaji wa Wabaptisti huko Horsham, kusini mwa Uingereza. Tuni tuliyoizoea ni ya Mmarekani William Bradbury, ya mwaka 1863, yaani miaka 29 baada ya maneno. Mfasiri wa Kiswahili akaja wa tatu, akakuta maneno na tuni vimekwisha kufungwa pamoja kwa lugha isiyo yake.

Bradbury alisikia Kiingereza, ambacho maneno yake mengi yana silabi moja tu, kwa hiyo mstari unaweza kuishia kwenye pigo zito bila shida. Kiswahili hakina uhuru huo. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mstari ukiisha, silabi yake ya mwisho karibu daima ni nyepesi. Ukiweka neno "sina" kwenye tuni ambayo noti yake ya mwisho ndiyo nzito na ndefu, huna budi kuimba "sinaa".

Wafasiri wa mwanzo hawakuwa wavivu. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874, aliandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko, sala na nyimbo. W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa, alikusanya mashairi ya Muyaka, malenga wa mji huo, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Watu wa namna hii waliijua mizani vizuri. Ila mizani ni hesabu ya silabi. Malenga wa pwani huhesabu nane kwa nane katika shairi, au nane katika kipande cha utenzi wa kimapokeo (si wimbo wa kanisa), na hahesabu mkazo kwa sababu mahadhi yake hulegea na kulifuata neno. Tuni ya Ulaya hailegei: ina mistari ya kugawa mapigo, na pigo zito linakuja wakati wake, neno liwe tayari au lisiwe tayari. Kwa hiyo mfasiri akihesabu silabi nane kwa nane huona kazi imekamilika, kumbe nusu ya kazi bado.

Nusu hiyo iliyobaki ina kanuni moja nyepesi, nami naona kila mwalimu wa kwaya aijue. Tazama kama tuni inaanza kwenye pigo zito au jepesi, kisha hesabu silabi za mstari. Tuni inayoanza kwa pigo zito inataka mstari wenye silabi shufwa: 6, 8, 10. Inayoanza kwa pigo jepesi inataka witiri: 5, 7, 9. Sababu ni hesabu tu: mapigo mazito na mepesi yanapopokezana, ni hapo peke yake ambapo silabi ya pili kutoka mwisho hukutana na pigo zito.

Ipime kwa "Yesu kwetu ni rafiki". Tuni inaanza kwa nguvu, kwa hiyo silabi ya 1, 3, 5 na 7 ni nzito. YE-su KWE-tu NI ra-FI-ki: silabi 8, kila mkazo umekaa kitini pake. Mstari wa pili una silabi 7, "hwambiwa haja pia". Tukisema ni hwa-MBI-wa HA-ja PI-a. Tukiimba ni HWA-mbi-WA ha-JA pi-A. Katika "pia", silabi yenye mkazo hupewa nusu pigo, na ile isiyo na mkazo huburutwa mapigo matatu kamili. Wa tatu, "tukiomba kwa Babaye", una 8 na umetulia. Wa nne, "maombi asikia", una 7 na umepinduka tena. Utenzi mzima unakwenda hivyo, mstari mmoja unatembea na mwingine unachechemea.

(Kwa kuwa utenzi huu husimuliwa sana mimbarani, nirekebishe jambo moja. Mtunzi wake, Joseph Scriven, alizaliwa Ireland mwaka 1819, na mchumba wake alikufa maji kwenye mkesha wa harusi. Wengi husema alishika kalamu siku hiyo. Sivyo. Alihamia Kanada, na maneno haya aliyaandika mwaka 1855, zaidi ya miaka kumi baadaye, kumfariji mama yake aliyekuwa mgonjwa ng'ambo. Mchumba wa pili alifariki mwaka 1860, kwa hiyo naye hawezi kuwa chanzo. Tuni ni ya mwaka 1868, ya Charles Converse, mwanasheria wa Kimarekani aliyesomea muziki Leipzig.)

"Ni tabibu wa karibu" inaonyesha kanuni ileile kwa upande wa pili. Maneno ya Kiingereza ni ya William Hunter, 1859. Tuni ni ya John Stockton, 1869, na beti zake zinaanza kwa pigo jepesi. Hapa mambo yanageuka: mstari wenye silabi 8 ndio unaoumia, ni-TA-bi-BU wa-KA-ri-BU, na wenye 7 ndio unaopona, "ni dawa yake njema": ni DA-wa YA-ke NJE-ma. Halafu kiitikio kinabadilika na kuanza kwa nguvu. "Imbeni, malaika" ina silabi 7, kwa hiyo inaumia. Mstari wa mwisho, "Jina lake Yesu", una 6: JI-na LA-ke YE-su. Sikiliza mkutano unapofika hapo. Sauti hupanda zenyewe, kwa maana kwa mara ya kwanza katika kiitikio hicho watu wanaimba wanavyosema.

Anayetafsiri upya afanye hivi. Andika namba za silabi juu ya noti, zungushia duara zilizo kwenye pigo zito. Kisha sema mstari wako huku ukipiga kofi kwenye mkazo wa neno. Kofi likianguka nje ya duara, usikimbilie kubadilisha neno hilo. Tazama kwanza jumla ya silabi, maana mara nyingi inatosha kuongeza moja au kupunguza moja.

Kuongeza kunawezekana kwa sababu noti ya mwisho wa mstari huwa ndefu. Ile ya mapigo matatu katika "Yesu kwetu" igawe: mapigo mawili, kisha moja. Sasa mstari unabeba silabi 8, na mfasiri anaweza kuandika, kwa mfano, "husikiza haja zetu", ZE- ikikaa kwenye mapigo mawili na -tu kwenye moja. Katika tuni ya Bradbury, gawa noti ya mwisho vivyo hivyo upate 9: "ni damu yake Yesu Bwana". Ni DA-mu YA-ke YE-su BWA-na. Lahani haijaguswa, na neno limerudi kuwa neno.

Maneno ya silabi moja kama ni, na, ya, kwa hayana ubishi. Yaweke popote panapopwaya. Maneno marefu pia ni mapole, kwani "nitajificha" ina mkazo mkuu mmoja tu katika silabi tano. Wanaosumbua ni wale wa silabi mbili: Yesu, Bwana, damu, dhambi, mwana. Hawa ndio moyo wa tenzi zetu, na ndio wanaopotoshwa kwanza. Angalia vilevile "m" na "n" zinazosimama peke yake: "mtume" ni silabi tatu, m-tu-me, na katika "nchi" mkazo uko kwenye "n" yenyewe, kwa hiyo noti ndefu juu ya "chi" huliharibu neno.

Simwambii mtu afute beti ambazo bibi zetu walizishika kwa moyo na kuzikwa nazo. Utenzi uliokwisha kukaa kifuani mwa watu una haki yake, hata ukichechemea. Lakini tafsiri mpya zinazochapwa leo hazina udhuru huo, na kosa ni lilelile.

Njia ya kinyume ipo pia, nayo inafundisha. Mwaka 1966 mchungaji wa Kilutheri wa Tanzania, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya". Ulitungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, juu ya lahani ya kwetu, ukaingia katika "Tumshangilie Mungu", mkusanyo ulioratibiwa na Howard Olson wa Makumira, chuo cha Kilutheri nchini Tanzania. M-fu-ra-HI-ni ha-le-LU-ya: silabi 9, mkazo kwenye ya 4 na ya 8, na tuni ina nguvu hapohapo. Mwaka 1969 Ulrich Leupold, mwanamuziki Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kanada, akautia katika Kijerumani. Sasa yeye ndiye aliyelazimika kutafuta neno ambalo mkazo wake utaangukia silabi ya 4, akaandika "Er ist erstanden, Halleluja": er ist er-STAN-den, hal-le-LU-ja. Silabi 9, ya 4 na ya 8. Wajerumani wanauimba hadi leo, namba 116 katika kitabu chao cha nyimbo.