Je, wajua kwa nini "kazi safi, bei nafuu" haiuzi zege la urembo?

Tembea Moshi kuanzia Soweto hadi Shanty Town ukisoma vibao. Fundi wa mageti ameandika "kazi safi kwa bei nafuu", fundi wa aluminiamu vilevile, na muuza chipsi wa kona ile hakubaki nyuma. Fundi wa zege la urembo naye kayanakili maneno hayohayo, kisha anashangaa kwa nini simu zinazoingia zote ni za "bei gani kwa mita?", na akishataja bei mtu haonekani tena. Wa mageti maneno hayo hayamdhuru, maana geti limesimama pale nje, mteja analigonga na kulitikisa. Kwa nini kwa zege yasifanye kazi?

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Katika zege la urembo kuna terazo, yaani vipande vya mawe vilivyoshikwa na simenti, kuna sakafu ya kusuguliwa hadi ing'ae, na kuna hili la chapa, ambalo zege likiwa bado bichi hutiwa rangi na kugandamizwa kwa mikeka ya mpira yenye sura ya mawe au matofali. La chapa lilianza kuendelezwa Kalifonia, Marekani, miaka ya 1950 kwa juhudi za Brad Bowman, anayehesabiwa kuwa baba wa ufundi huo. Hapa kwetu, bibi zetu walijua sakafu ya niru iliyotiwa rangi nyekundu muda mrefu kabla hatujaona mikeka hiyo, kwa hiyo wazo la kuipamba simenti si geni.

Jibu liko kwenye namna kitu hiki kinavyonunuliwa. Mwenye nyumba analipa kianzio wakati bidhaa haipo. Vigae akivichukia anavirudisha dukani vikiwa ndani ya boksi; zege likishashika halina pa kurudi, labda livunjwe kwa nyundo. Halafu sehemu inayolifanya lidumu haionekani kabisa. Unene, ushindiliaji wa chini, kiasi cha simenti, vyote vimezikwa. Juu inabaki rangi na sura, na hizo hata fundi mbovu anaweza kuzitoa kwa wiki mbili za kwanza. Kwa hiyo kitu pekee ambacho mteja anaweza kukishika kabla ya kazi ni maandishi ya fundi.

Kwa Moshi kuna jambo jingine. Wenye nyumba wengi hawapo. Wako Dar es Salaam, Mwanza au nje ya nchi, na nyumba ya Machame, Marangu au Rau wanaijenga kwa simu. Kotesheni, yaani makadirio ya bei ya fundi, inasomwa kwenye kioo cha WhatsApp, ofisini, na mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Kisha anaituma kwa shemeji yake anayejidai mjuzi. Fundi hayupo pale kujieleza.

Chukua njia ya gari kutoka getini hadi barazani, mita 15 kwa 4, yaani mita za mraba 60. Fundi wa kwanza ametuma "Zege la chapa pamoja na rangi" na bei ya jumla. Wa pili ametuma maneno hayohayo, bei yake iko chini. Mteja anamchukua wa pili, na mimi ningemchukua yeye pia, kwa sababu hakuna lililoandikwa linaloonyesha tofauti. Sasa piga hesabu ya kilichofichika. Wa kwanza alikusudia unene wa sentimita 10. Hizo ni mita 6 za ujazo, na kwa mchanganyiko wa mifuko 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, ni mifuko 42 ya simenti. Wa pili alikusudia sentimita 7, akapata mita 4.2 za ujazo, mifuko isiyofika 30. Rangi nayo hupimwa kwa uzito wa simenti. Ikiwa ni asilimia 5, wa kwanza anahitaji kilo 105 na wa pili kilo 74 hivi zinamtosha. Unafuu wote wa bei umetoka kwenye zile sentimita 3, na hakuna aliyezitaja. Fundi mwaminifu amekosa kazi kwa kunyamaza.

Angalia kotesheni hiyo ingeandikwa hivi:

"Njia ya gari, mita 15 kwa 4, jumla mita za mraba 60. Zege unene sentimita 10, juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Simenti mifuko 42. Rangi ya kahawia imechanganywa ndani ya zege lote, si ya kupaka juu. Mikato kila mita 3, kina sentimita 2.5. Sila, dawa ya kuziba vinyweleo na kulinda rangi, mikono miwili. Bei haihusishi kung'oa sakafu ya zamani wala mtaro wa maji. Maji na umeme ni vya mwenye nyumba. Bei hii inaishia tarehe 31 Oktoba."

Hakuna "bora" humo, hakuna "ya kisasa". Lakini shemeji mjuzi akiisoma, swali linalofuata anampelekea yule mwingine: wewe unene wako ni ngapi? Na ukianza kwa sentimita, malizia kwa sentimita. Mafundi wetu huzungumza inchi, mchoro uko kwa milimita, mteja anafikiri kwa mita, na ugomvi mwingi wa saiti huanzia hapo.

Mstari wa mikato ndio ambao mafundi wengi huogopa kuufafanua, kwa kuwa unalazimisha kutaja nyufa. Zege likipoteza maji husinyaa, na likisinyaa huku limeshikwa na ardhi, linapasuka. Hakuna fundi wa kulizuia lisisinyae. Kinachofanyika ni kukata mistari yenye kina cha robo ya unene, ili ufa upite chini ya mstari badala ya kukatiza katikati ya urembo. Mwandikie mteja hivyohivyo: "Zege hupasuka. Mistari hii inauelekeza ufa mahali ambapo hutauona." Kwa maoni yangu hakuna sentensi inayouza kazi hii kuliko hiyo, kwani aliyeahidiwa "haipasuki milele" kwingine ataanza kujiuliza.

Ndivyo ilivyo kwa ule unga mweupe unaojitokeza juu ya zege la rangi. Ni chokaa iliyomo ndani, inapanda na unyevu, inakutana na hewa ya ukaa na kubaki nyeupe, hadi rangi ionekane imepauka. Mteja aliyeambiwa mapema hupiga simu kuuliza namna ya kuuosha. Asiyeambiwa hupiga kudai pesa yake.

Picha nazo ni maandishi. Kurasa za mafundi zimejaa picha zilizookotwa mtandaoni, nyumba za ghorofa zenye magari ya Kimarekani, na nimeona moja yenye theluji pembeni ya njia. Theluji yetu iko Kibo, kileleni Kilimanjaro, haijawahi kushuka mtaani Pasua. Mbali na kuchekesha, kuonyesha kazi ya mtu mwingine kama yako kunaweza kukuingiza matatani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kupotosha. Picha ya simu ya kazi yako mwenyewe, hata ya uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba, chini yake ukaandika mtaa, ukubwa, unene na mwezi ulipomwaga, ina nguvu zaidi. Ukipata picha ya kazi hiyohiyo baada ya masika mawili, iweke ya kwanza kabisa. Na kwa kuwa kila mwenye wazazi wazee atauliza kama inateleza ikilowa, jibu kabla hajauliza: sila ikiwa tupu huteleza, kwa hiyo huchanganywa na chembechembe za kukwaruza.

Limebaki suala la lini utume tangazo. Kazi nyingi za Moshi zina tarehe moja isiyoandikwa popote, nayo ni Krismasi, watu wanaporudi nyumbani na magari yao. Zege huhesabiwa limefikia nguvu yake kwa siku 28. Gari dogo huweza kupita baada ya siku 7, lakini mafundi wengi husubiri zile 28 ndipo wapake sila. Anayetaka uwanja uwe tayari tarehe 20 Desemba inabidi zege limwagwe kabla ya tarehe 22 Novemba, na vuli inakuwa tayari imeingia. Tone la mvua juu ya zege ambalo halijashika linaacha kovu ambalo sila haifichi. Tangazo la Krismasi, basi, litumwe Septemba, na tarehe hizo mbili ziwemo ndani yake.