Flashi ya 2TB kwa elfu moja mia mbili: soma hii kabla hujalipa

Tangu wanafunzi warudi vyuoni malalamiko ya flashi yamejaa kwa dawati letu la bidhaa ghushi hapa Kisumu, wengine wanatoka Maseno, wengine Kakamega, hata Busia, na karibu yote ni hadithi moja. Mtu amenunua flashi imeandikwa 1TB ama 2TB, bei haifiki elfu mbili, ikameza kila kitu alichoweka bila kulalamika, halafu siku ya kuprinti projekti anapata majina ya faili yako lakini hazifunguki. Kwa hivyo tumeambiwa tuelimishe umma. Nitaeleza, ila nisiulizwe brandi gani ni nzuri, ofisi haifanyii mtu biashara.

Ndani ya flashi kuna chipu ya kuhifadhi na kuna kontrola inayoongea na kompyuta. Mkora haongezi chipu, anabadilisha programu ya kontrola tu. Chipu ni ya 16GB, kontrola inasema 2TB, na Windows inaamini kwa sababu inajua tu kile imeambiwa. Ni kama landlodi wa rumu mbili kuchukua diposti ya wapangaji ishirini, shida haionekani mpaka watu waanze kuleta vitanda. Ukishapita ile 16GB, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani ama inapotelea hewani, na majina yanabaki kwa sababu orodha ya faili inakaa mwanzo wa flashi penye chipu iko kweli. Ndio maana kufomati hakusaidii. Nimesema hii mara nyingi na bado watu wanakuja wakiwa wameshafomati, wamefuta ushahidi wenyewe.

Flashi ya kweli ya 2TB ipo, Kingston ilitoa yake 2017, lakini hadi leo ukubwa huo ni pesa ya kununua simu nzuri, si pesa ya kuulizia mfukoni ukingoja matatu ijae. Mwanafunzi ama karani wa ofisi 64GB inamtosha, na kama kweli unahitaji terabaiti nunua diski ya nje ama SSD ndogo (diski ya chipu), utapata thamani ya pesa yako.

Sasa kuna malalamiko mengine ambayo, kwa heshima, yanatupotezea asubuhi. Flashi ya 64GB ikionyesha 59 na pointi kwa kompyuta SI FEKI. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu 1,073,741,824, gawanya uone. Ya 32 itaonyesha 29.8, ya 128 itaonyesha 119. Ikikataa faili moja inayozidi 4GB na nafasi iko, hiyo ni fomati ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka faili, badilisha iwe exFAT ambayo ni mpya zaidi (toa vitu vyako kwanza), ingawa redio nyingi za gari na TV za zamani zinasoma FAT32 pekee kwa hivyo ujue unanunulia nini. Na duka la movi likikujazia flashi likakuwekea filamu nusu, sisi hatuna la kukusaidia, hiyo ina mambo yake ya hakimiliki na sidhani unataka tuifungue.

Kupima ni kazi ya siku ileile umenunua, kabla hujaweka kitu cha maana. Kwa Windows kuna programu inaitwa H2testw, ni ya bure, inajaza flashi yote halafu inasoma tena ilinganishe. Kwa Linux na Mac kuna F3. Shida ni muda: 64GB inayoandika kwa 10MB/s itakula karibu saa moja na dakika hamsini kuandika tu, na ile feki ya 2TB kwa mwendo huohuo ni zaidi ya siku mbili, hakuna saiba itakuachia mashini hivyo. Tumia programu ya ValiDrive, inagusa sehemu 576 zilizosambazwa kwa flashi nzima na kwa kawaida inamaliza kwa dakika chache. Duka likikataa upime hata mbele yao, basi umeshajibiwa.

Mwendo. Paketi imeandikwa kwa herufi kubwa hadi 130MB/s, chini kwa herufi za sisimizi kuna neno kusoma. Kuandika hawasemi, na ndiko unakongojea. Filamu ya 4GB kwa 10MB/s ni karibu dakika saba, kwa 100MB/s ni sekunde arobaini. Watu wanaangalia rangi ya bluu ndani ya mdomo wa flashi wakisema hiyo ni USB 3, ile ya kasi, jameni rangi ni plastiki, yeyote anaweza kuweka. Angalia visahani vya shaba: ya USB 2 iko na vinne pekee, ya 3 iko na vinne mbele na vingine vitano nyuma yake, jumla tisa. USB 3.0, 3.1 Gen 1 na 3.2 Gen 1 zote ni kitu kimoja, 5Gbps (gigabiti tano kwa sekunde), walibadilisha majina tu, usilipe zaidi kwa sababu ya namba. Halafu laptopu yako ikiwa na mlango wa USB 2 hata ununue flashi gani utapata kitu kama 35MB/s, usije kulaumu mwenye duka.

Kudumu: mwili wa chuma unastahimili mfuko na funguo, zile za kusukuma mdomo utoke na kuingia huharibika kwa kale kapini. Zile nyembamba za kipande kimoja zinavumilia maji, lakini zikifa, fundi atahangaika sana kutoa data na atakutoza zaidi ya bei ya flashi kumi. Seli zinachoka kwa kuandikwa, kusomwa si shida, kwa hivyo ya miziki kwa matatu itaishi, ya kamera inayorekodi usiku na mchana haitaishi. Joto nalo linaharakisha data kufifia, kwa hivyo dashibodi ya gari si kabati. Angalia pia waranti, kampuni zinazojulikana hutoa miaka mitano kwa flashi nyingi, na bila risiti hiyo miaka ni maneno.

Sasa sheria, na hapa tusikilizane vizuri. Kuna flashi yenye jina la kampuni ya watu lililoigwa, hiyo iko chini ya Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Kifungu cha 32 kinagusa anayetengeneza, anayeuza, anayeanika dukani, anayeingiza nchini, na anayeziweka kwa ajili ya biashara. Mnunuzi wa flashi moja ya kutumia si mshtakiwa, acheni kuogopa kuja. Kifungu cha 35: kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka mitano, ama faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya mali yote, ama vyote viwili. Mwenye duka akipatikana na flashi 200 za bei ya shilingi 1,000, mali ni 200,000, faini haishuki chini ya 600,000. Akirudia ni hadi miaka kumi na tano, ama faini isiyopungua mara tano, yaani milioni moja, ama vyote viwili. Ati hukujua ni feki? Utaambia korti ulichukua hatua gani kujua, kwa hivyo wenye maduka wekeni invoisi za msambazaji.

Ile isiyo na jina la mtu lakini imedanganya ukubwa ni jambo lingine, hapo ni Sura ya 505 ya sheria za Kenya, ile ya maelezo ya uongo ya bidhaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na tukikuelekeza ofisi nyingine usione tunakuzungusha. Ukitaka pesa yako tu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiza kesi hadi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku sitini. Kwa flashi ya elfu moja mia mbili nauli itakushinda, lakini shule iliyonunua hamsini ifikirie.

Ukija, leta risiti ama ujumbe wa M-Pesa wenye jina la duka, paketi yenyewe, na picha ya matokeo ya kupima yenye tarehe. Uliyeuziwa kwa dirisha la matatu bila chochote, tutaandika taarifa yako lakini hatuna mlango wa kubisha. Na toa faili zako zinazofunguka kabla ya kuileta, usifomati, toa tu, maana ikishaandikwa kielelezo utaiona tena kesi ikiisha, na kama korti itaamua ghushi ziharibiwe hutaiona kabisa, hata kama projekti yako ilikuwa humo.