Tembe ni nyumba ya namna gani

Neno tembe linatumika siku hizi kwa namna mbili ambazo zote mbili zinalikosea. Katika habari za vijijini, hasa zile za watoto wanaosomea mahali pabovu au wazee wanaosubiri msaada, nyumba yoyote ya udongo huitwa "nyumba ya tembe", hata kama juu ina bati. Na katika matangazo ya nyumba za wageni na kumbi za starehe, kibanda cha mviringo kilichoezekwa kwa nyasi huitwa "tembe ya Kigogo", ilhali nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi lililochongoka ina jina lake, nalo ni msonge, na Wagogo, wenyeji wa Dodoma, hawafahamiki kwa kujenga misonge.

Tembe ni nyumba fupi ya pembe nne, yenye paa bapa la udongo, ambayo vyumba vyake hupangwa mfululizo kuuzunguka uwanja wa ndani, ama pande zote ama pande mbili tatu. Wagogo ndio wanaotajwa kwanza kila inapozungumzwa, lakini imejengwa pia na Warangi wa Kondoa, Wanyaturu wa Singida, Wairaqw wa Mbulu, Wahehe wa Iringa na, katika karne ya 19, sehemu za Unyamwezi, kila jamii kwa namna yake. (Tembe za dawa na kuku tembe ambaye hajaanza kutaga ni maneno mengine, tuyaache.)

Msomaji ataona kwamba maana hiyo haisemi lolote kuhusu umaskini wa mwenye nyumba, na hapo ndipo penye kosa linalonisumbua zaidi. Tembe ni jina la umbo na mpangilio. Udongo ni kitu cha kujengea, na unaweza kujenga nao nyumba za kila aina: ya kukandika kwa miti na fito, ya matofali mabichi yenye paa la mgongo wa tembo, ya mviringo, au tembe. Kuita kila nyumba ya udongo tembe ni sawa na kuita kila wali pilau. Sensa zetu huuliza paa limejengwa kwa nini, kuta kwa nini na sakafu kwa nini, kila kimoja peke yake, na ni haki ziulize hivyo. Lakini majibu hayo matatu hayawezi kukuambia kama nyumba ina uwanja katikati. Anayeyasoma takwimu na kuandika "kaya kadhaa zinaishi katika tembe" ameongeza jambo ambalo hakuulizwa mtu.

Kama ushahidi unahitajika kwamba tembe haikuwa alama ya ufukara, upo Kwihara, karibu na Tabora. Nyumba aliyokaa mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, na baadaye peke yake akisubiri wapagazi, huitwa tembe mpaka leo na imehifadhiwa kama makumbusho. Ilikuwa nyumba ya wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na pembe za ndovu, watumwa na mali nyingi, yenye kuta nene na milango ya kuchongwa. Walioipa jina walitazama umbo lake na paa lake. Hawakuuliza mwenyewe ana nini. Burton, mpelelezi Mwingereza aliyepita Ugogo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, naye alilikuta neno hili likitumika kwa nyumba za sehemu kubwa ya njia hiyo, kwa hiyo katika Kiswahili cha misafara lilikuwa tayari neno la ujenzi lenye maana kamili.

Umbo lenyewe limetokana na nchi. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Nyasi ndefu za kuezekea si nyingi, miti mirefu iliyonyooka ni adimu, na upepo wa kiangazi hauna huruma na paa lililosimama juu. Kwa hiyo fundi huchimbia nguzo zenye panda, hulaza boriti juu ya panda hizo, juu ya boriti hupanga fito kwa kubananisha, juu ya fito matawi madogo na majani, kisha udongo unaoshikana, ambao humwagwa na kukandamizwa mpaka uwe tabaka nene. Mzigo huo ni mkubwa, ndiyo maana ndani ya tembe kuna nguzo nyingi na vyumba havina upana mkubwa. Udongo huo mzito hupokea joto la mchana polepole na kulitoa polepole, na kwa usiku wa Juni na Julai, upepo unapopiga uwandani, aliyelala chini ya bati anaijua tofauti. Juu ya paa huanikwa uwele, mtama, karanga na majani ya mlenda, kwa kuwa paa ni fupi na mtu hupanda bila shida.

Paa hilo hudai kazi. Kabla ya mvua sharti likaguliwe, nyufa zizibwe na udongo uongezwe, na siku hizi wengine hutandika nailoni chini ya udongo ili maji yasipenye. Mvua ikizidi kawaida, tembe huvuja, na isiyotunzwa huanguka. Sitaki kuificha kasoro hiyo, wala sidhani kwamba familia iliyoamua kuezeka bati imepotoka. Ninachokataa ni kuitwa tembe kwa nyumba iliyobomoka, kana kwamba kubomoka ndiyo maana ya neno.

Sasa ule uwanja wa ndani, ambao mara nyingi husahaulika kabisa mtu anapoeleza tembe. Katika kaya ya Kigogo ng'ombe walilala humo, na vyumba vya wake, vya mama mzee na vya vijana waliooa vilitazama humo, kila mke akiwa na mlango wake na stoo yake ya nafaka. Ukuta wa nyuma wa vyumba ndio uliokuwa ukuta wa kaya, na kwa nje haukuwa na dirisha la maana. Kwa hiyo wanaosema kwamba wazee wetu waliishi wazi bila kujifungia hawajaitazama tembe vizuri. Tembe ilijifunga sana kwa nje, na katika karne ya 19 ilikuwa na sababu, maana ng'ombe waliibwa na vita vilikuwapo. Uwazi wake ulikuwa wa ndani, kwa walio wa kaya hiyo. Majirani walikuwa kaya nyingine zilizotawanyika, na ujirani ulifanywa kwa kwenda: kulima pamoja na kunywa pombe baada ya kazi, kusaidiana kunyanyua boriti, kuulizana habari za mifugo. Operesheni za vijiji za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipozikusanya kaya na kuzipanga kwa safu kando ya barabara, nyumba zilisogeleana, lakini ule mpangilio wa uwanja katikati haukupata nafasi katika safu hizo.

Mjini mambo yamegeuka nje ndani. Masharti ya mipango miji yanataka nyumba iachie nafasi kati yake na mpaka wa jirani, kwa hiyo nyumba hukaa katikati ya kiwanja na eneo la wazi huizunguka likiwa ukanda mwembamba, halafu mwenye nyumba hujenga fensi kulizungushia eneo hilo. Katika tembe nyumba huuzunguka uwanja. Katika mitaa ya mji wa Dodoma kama Ilazo, Kisasa au Iyumbu uwanja huizunguka nyumba. Eneo laweza kuwa lile lile kwa ukubwa, ila ukanda wa mita chache unaopita nyuma ya jiko na pembeni mwa vyumba vya kulala hautoshi watu kukaa pamoja, na ndiyo maana huishia kuwekwa simtanki, ndoo na kamba ya nguo. Mpango mkuu wa mji huo wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada miaka mitatu baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, ulikuwa na nia ya mji wa nyumba fupi unaofuata umbile la ardhi, wenye njia za miguu na maeneo ya wazi ndani ya makazi. Ulifikiria ujirani kwa kiwango cha mtaa. Ndani ya kiwanja kimoja kimoja, hata hivyo, nyumba iliyojengwa ni ile ya katikati yenye fensi, na sidhani kwamba aliyeijenga aliwahi kuonyeshwa ramani nyingine.

Ukitaka kuona mjini kitu kinachofanya kazi ya uwanja wa tembe, nenda Majengo au Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, kwenye nyumba za kupanga za zamani, zenye korido katikati na ua nyuma. Wapangaji hawana undugu, lakini jiko la mkaa, bomba na kamba vipo uani, na anayeugua hujulikana kabla ya saa nne asubuhi kwa kuwa hajatoka kuchota maji. Ua huo una ugomvi wake, wa zamu ya usafi na wa bili ya umeme, na sitaupamba. Lakini hiyo si tembe, hata kuta zikiwa za udongo: paa lake si bapa, na ua uko nyuma ya nyumba. Ni nyumba ya Kiswahili, ambayo nayo ina historia yake inayostahili kutajwa kwa jina lake.

Basi ningewaomba wenzangu wanaoandika, kwa upole kabisa, kwamba atakayefika Bahi au Chamwino akakuta darasa la matofali mabichi lenye bati lililotoboka, aandike kwamba amekuta darasa la matofali mabichi lenye bati lililotoboka; habari yake haitapungua uzito, na msomaji atajua kinachotakiwa kutengenezwa. Mwenye hoteli aliyejenga vibanda vya mviringo aviite misonge. Na mwandishi akiona paa bapa la udongo lililofunika vyumba vinavyotazamana uwanjani, hapo aandike tembe, hata kama mwenye nyumba ana ng'ombe mia na trekta mlangoni.