Kanisa Katoliki Tanzania: yanayosemwa na yaliyotokea

"Imani ilienezwa na wazungu." Wamisionari walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, hilo halina ubishi. Lakini vigangoni, ambako padre alifika kwa nadra, aliyefundisha, aliyeongoza ibada ya Jumapili na aliyezika alikuwa katekista, mtu wa kijiji hichohicho. Hata uongozi haukusubiri Uhuru: Laurean Rugambwa, mwana wa Tanganyika, alikuwa askofu mwaka 1952 na kardinali mwaka 1960.

"Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio ulioleta Kiswahili kanisani." Nusu ya ukweli. Katekisimu na nyimbo za Kiswahili zilikuwepo zamani; kilichofunguliwa mwaka 1963 na mkutano huo wa maaskofu wa dunia nzima ni Misa yenyewe, iliyokuwa ya Kilatini.

"Nyerere alilinyang'anya Kanisa shule zote." Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali, kwa sababu nyingi zilikuwa za makanisa na watoto wengine, hasa Waislamu, walikosa nafasi. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa. Hospitali ya Bugando ilitaifishwa mwaka 1972, ikarudishwa mwaka 1985.

"Jumuiya ndogondogo za Kikristo ni zao la Ujamaa, na siku hizi ni za michango tu." Hapa makosa ni mawili. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, walizungumzia jumuiya hizo Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakazifanya kipaumbele cha kichungaji katika nchi zao zote, hata zisizofuata Ujamaa. Siasa ya Tanzania ilisaidia tu zieleweke haraka.

Kuhusu michango, tazama jumuiya iliyo hai. Kaya za jirani hukutana kila wiki kwa zamu nyumbani kwa mmoja wao. Wanasali, wanasoma Injili ya Jumapili ijayo, kila mmoja anasema neno lililomgusa. Ndipo yafuate ya mtaani: nani mgonjwa, wapi kuna msiba, mtoto gani hajabatizwa. Anayeomba ubatizo au ndoa huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya kabla ya kufika kwa paroko, kwa kuwa majirani ndio wanaomjua.

Mambo huharibika Injili inapofupishwa ili daftari la michango lifunguliwe mapema. Asiye na hela huona aibu, huacha kuja. Siku akimleta mtoto abatizwe, anaambiwa hajulikani. Hilo ni dhuluma, na dawa yake iko ndani ya uwezo wa viongozi: michango iwe mwishoni, majina na viwango visisomwe hadharani, na asiyeonekana wiki mbili atembelewe kwanza kabla ya kuulizwa deni.