Je, wajua kwa nini Judi Dench alipata Oscar kwa dakika nane tu?

Katika sherehe za tuzo za Oscar zilizofanyika Los Angeles tarehe 21 Machi 1999, mwigizaji wa Kiingereza Judi Dench, aliyekuwa na umri wa miaka 64, alipanda jukwaani kupokea tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Tuzo hiyo alipewa kwa nafasi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza katika filamu ya Shakespeare in Love. Huku ameishika ile sanamu ya dhahabu, alitania kwamba mtu aliyeonekana kwenye filamu kwa dakika nane alistahili kupewa kipande chake tu. Ukumbi mzima ulicheka, lakini mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu filamu yenyewe ina zaidi ya saa mbili, na malkia huyo huonekana mara chache sana. Iliwezekanaje basi mtu awapiku wenzake kwa muda usiotosha hata kuivisha chai?

Kikanuni hapakuwa na kizuizi. Akademia inayotoa Oscar haijaweka idadi ya chini ya dakika ambazo mwigizaji msaidizi lazima aonekane. Waigizaji wanachama ndio huteua majina, kisha wanachama wa fani zote hupiga kura ya mwisho. Dench hakuwa hata wa kwanza kushinda kwa muda mfupi, kwani Beatrice Straight alipata tuzo hiyo hiyo mwaka 1977 kwa kuonekana dakika tano hivi katika filamu ya Network. Lakini kanuni hueleza tu kwa nini jambo halikukatazwa, na waigizaji wanaoonekana kwa dakika chache ni wengi mno kila mwaka, wala hakuna anayewakumbuka.

Wapo wanaosema kwamba tuzo ile ilikuwa kifuta machozi. Mwaka mmoja kabla, Dench aliteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike kwa kuigiza Malkia Victoria katika Mrs Brown, kazi iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya televisheni ya BBC na baadaye ikapelekwa kwenye majumba ya sinema, lakini tuzo ikaenda kwa Mmarekani Helen Hunt. Mwongozaji wa filamu zote mbili alikuwa John Madden, na ni wazi kwamba wapiga kura wengi walikuwa bado wanaukumbuka uso wa yule malkia mjane. Hoja hiyo siipuuzi. Hata hivyo, huruma humpatia mtu kura pale tu anapokuwa ameonyesha kitu kinachostahili kupigiwa kura, na mtu akiitazama tena filamu hiyo, ataona kwamba dakika zile hazikuwa za huruma hata kidogo.

Mara ya kwanza tunamwona malkia akitazama mchezo wa kuigiza ikulu. Mbwa anapojitokeza jukwaani anafurahi kama mtoto na kumrushia kitu kitamu, na mashairi ya mapenzi yanapoanza, anasinzia. Mara ya pili anaahidi kuwa shahidi wa dau la pauni 50 juu ya swali kama mchezo wa kuigiza unaweza kuonyesha ukweli wa mapenzi. Mara ya tatu, ofisa wake anapovamia ukumbi wa michezo na kutaka kuwakamata watu kwa jina la malkia, malkia mwenyewe anainuka kutoka katikati ya watazamaji, anamwonya ofisa huyo asilichakaze jina lake kwa kulitumia ovyo, kisha anaamua shauri lote pale pale. Anapotoka nje anakuta dimbwi la matope mbele ya gari lake la farasi. Wakuu wa baraza wanasitasita kuvua majoho yao ili akanyage juu yake, naye anasubiri kidogo tu, anapita kwenye matope, na wao wanapoanza kuyatupa majoho chini anawaambia kwamba wamechelewa.

Mtazame wakati huo wote. Vazi lake ni zito na pana kiasi kwamba mikono haina nafasi ya kufanya chochote cha maana, uso umepakwa rangi nyeupe inayoficha mikunjo, na meno yametiwa weusi. Vitu ambavyo waigizaji wengi wa filamu huvitegemea, yaani ishara za mikono na mabadiliko madogo ya uso, kwake vimefungwa karibu vyote. Kinachobaki ni macho, sauti, na uamuzi wa lini atulie na lini aseme. Waandishi wa filamu nao wamemsaidia sana, kwa sababu hofu ya malkia imetanda katika hadithi nzima hata wakati hayupo, na kila anapotokea mtu fulani huhukumiwa. Nafasi ya namna hiyo ikipewa mwigizaji asiye na uzito huporomoka mara moja, kwani watazamaji wamekwisha kuahidiwa mtu wa kutisha. Uzito huo Dench hakuupata kwenye sinema. Aliupata jukwaani, kwa zaidi ya miaka 40.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1934 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa daktari, na miongoni mwa aliowatibu walikuwa waigizaji wa ukumbi wa maonyesho wa mji huo. Mama yake, mzaliwa wa Dublin, alishughulikia mavazi ya ukumbi huo huo, na kaka yake Jeffery alitangulia kuwa mwigizaji. Alisoma katika shule ya Waquaker, wafuasi wa dhehebu ambalo watu wa magharibi ya Kenya hulijua kwa jina la Kanisa la Marafiki, na imani hiyo ya ibada za kimya ameishika hadi leo. Mtu anaweza kushawishika kuhusisha kimya hicho na utulivu wake jukwaani, ingawa yeye anajulikana kwa wenzake kama mtani asiyeisha vituko nyuma ya pazia.

Hakutaka kuwa mwigizaji. Alitaka kubuni mandhari za jukwaani, na akaanza masomo ya sanaa hapo York. Mwaka 1953 alikwenda Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, kutazama King Lear, na mandhari aliyoikuta huko, ambayo kwa umbo moja tu iliweza kuwa kila mahali palipohitajika, ilimfanya aone kwamba yeye hangeweza kamwe kufikiri kwa namna hiyo. Akabadili njia, akaenda London katika Central School of Speech and Drama, chuo ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya jengo la Royal Albert Hall, ambako Vanessa Redgrave alikuwa mmoja wa wanafunzi wenzake.

Alipomaliza mwaka 1957, kundi la Old Vic lilimpa nafasi ambayo wengine huisubiri kwa miaka, yaani Ofelia katika Hamlet. Wahakiki hawakumhurumia; baadhi yao walikereka kwamba nafasi kubwa namna ile imekabidhiwa mwanafunzi. Kundi lilipokwenda kuonyesha Marekani, Ofelia alipewa mwigizaji mwingine, naye Dench akabaki na nafasi ndogo zaidi. Alibaki katika kundi, na nadhani hapo ndipo mafunzo yake ya kweli yalipoanza, kwa sababu Old Vic iliendeshwa kwa utaratibu wa kupokezana michezo: leo malkia, kesho mjakazi, keshokutwa mmoja wa watu wa sokoni asiye na neno hata moja. Mtu aliyepita huko hujifunza kwamba nafasi ndogo nayo ni mtu kamili mwenye shughuli zake.

Mwaka 1960 Franco Zeffirelli alimpa nafasi ya Julieta, na kuna kisa ambacho Dench mwenyewe hupenda kukisimulia. Wazazi wake walikuwa ukumbini, na alipofika kwenye maneno ambayo Julieta anamuuliza yaya wake walipo baba na mama yake, baba mzazi aliitikia kutoka kwenye viti kwamba wapo hapa, mpenzi, safu ya H. Mwaka 1963 alisafiri na kundi la Nottingham Playhouse hadi Afrika Magharibi, akacheza nafasi ya Bibi Macbeth na ya Viola wa mchezo wa Twelfth Night katika Nigeria, Ghana na Sierra Leone. Mwaka 1968 akageukia muziki na kuwa Sally Bowles wa kwanza wa London katika Cabaret, ilhali sauti yake ni ya mikwaruzo. Inasimuliwa kwamba ilibidi wateja wapewe tangazo kuwa Bi Dench haumwi, ndivyo anavyozungumza.

Kazi ambayo wajuzi wengi wa jukwaa huitaja kwanza ni Macbeth ya mwaka 1976, aliyoigiza pamoja na Ian McKellen chini ya mwongozaji Trevor Nunn. Wasomaji wa Kiswahili walioisoma tamthilia hiyo kama Makbeth, katika tafsiri ya S. S. Mushi, huenda wakaipigia picha ngome, mienge na majeshi. Huko Stratford ilichezwa ndani ya banda la mabati liitwalo The Other Place. Sakafuni palichorwa duara, waigizaji wakakaa kulizunguka wakisubiri zamu zao, na watazamaji walikuwa karibu kiasi cha kuisikia pumzi ya mtu. Dench alivaa nguo nyeusi na kitambaa kichwani, bila taji wala vito. Katika tukio la kutembea usingizini alitoa kilio kirefu chembamba ambacho waliokuwepo wamekuwa wakikisimulia tangu hapo, nacho kimehifadhiwa kwenye toleo la televisheni lililoonyeshwa mwaka 1979. Kucheza kwa watazamaji wa mbali na kucheza kwa mtu aliyekaa hatua mbili mbele yako ni ufundi tofauti, na huu wa pili ndio kamera inaoutaka. Kwa hiyo alikwisha kujua kuigiza kwa ajili ya kamera kabla watu wa filamu hawajamtambua.

Kwa nini basi walichelewa? Dench ameeleza kwamba alipokwenda kujaribiwa akiwa kijana, mtu wa filamu alimwambia kuwa kila kitu usoni pake kina kasoro. Alianza kuonekana kwenye sinema mwaka 1964 na akapata tuzo ya chipukizi ya BAFTA, akademia ya filamu ya Uingereza, kwa Four in the Morning, lakini moyo wake ulibaki jukwaani, na huko hakukosa kazi. Aliolewa na mwigizaji Michael Williams mwaka 1971, binti yao akazaliwa mwaka uliofuata, na Waingereza wa kawaida walimjua zaidi kwa vichekesho vya televisheni, kikiwamo A Fine Romance alichocheza na mumewe. Si kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka 1981, akiwa katika mazoezi ya mchezo wa muziki wa Cats, kano ya kisigino chake ilikatika na nafasi yake ikachukuliwa na Elaine Paige. Miaka sita baadaye, mwongozaji Peter Hall alipomtaka awe Kleopatra, alishangaa, kwa kuwa alijiona mfupi mno na mwenye umri mkubwa mno kuwa mrembo wa Nile. Alikubali, akacheza na Anthony Hopkins, na Kleopatra wake akawa miongoni mwa wale wanaotajwa kila mchezo huo unapozungumziwa.

Dunia nzima ilimjua mwaka 1995, alipotimiza miaka 61, kupitia GoldenEye. Humo alikuwa M, mkuu wa ujasusi anayemwambia James Bond ana kwa ana kwamba yeye ni dinosauri na salio la Vita Baridi. Mwaka 1996 alipokea kwa pamoja tuzo mbili za Olivier, zile za michezo ya jukwaani ya London, moja ya mwigizaji bora wa mchezo wa maneno na nyingine ya mchezo wa muziki, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwigizaji mwingine kabla yake. Miezi michache tu baada ya ule usiku wa Oscar alishinda pia Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, huko New York, kwa mchezo wa Amy's View. Kwa hiyo aliyesimama Los Angeles mwaka 1999 alikuwa mgeni kwa Hollywood peke yake.

Williams alifariki Januari 2001. Dench alirudi kazini haraka, na mwaka huo huo akaigiza katika Iris kama mwandishi Iris Murdoch anayepotewa na kumbukumbu. Uteuzi wa Oscar uliendelea kuja, na wa nane ulimfikia mwaka 2022, akiwa na miaka 87, kwa nafasi ya bibi katika Belfast. Lakini ile ya mwaka 1999 ndiyo Oscar pekee aliyoipata, na wahakiki hawajaacha kubishana kama haikustahili kwenda kwa kazi yake nyingine iliyo ndefu zaidi, kwa mfano Notes on a Scandal ya mwaka 2006. Mimi ningekuwa upande wa hao wa Notes on a Scandal, kama kura zingeruhusiwa mbili.

Tangu mwaka 2012 imejulikana kwamba ana maradhi ya uzeeni yanayoharibu sehemu ya katikati ya retina, na hawezi tena kusoma maandishi ya mchezo. Marafiki humsomea mistari yake, yeye huirudia hadi ishike. Kwa njia hiyo aliigiza tena Malkia Victoria katika Victoria & Abdul mwaka 2017, na mwaka 2023, alipoombwa kwenye kipindi cha televisheni cha Graham Norton, alitamka kwa kichwa shairi la 29 la Shakespeare, mistari yote 14, bila mazoezi na bila karatasi.